Sheria Inayojifunza

Yule mwanamume aliyelala kifudifudi kwenye ubao wa kivuko, pua nusura iguse maji, hakuwa ameanguka wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa kazini. Kipimo cha mto husomwa jicho likiwa usawa wa maji. Ukikisoma umesimama wima unajidanganya, na ukijidanganya umewadanganya wakulima wote wa bondeni. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Ofisi ya Maji kwa siku tatu, na hivyo ndivyo alivyoshika. Mtaa mzima walimwita Nukta, kwa kuwa hajawahi kukutajia namba bila kukutajia na kipande chake. Ukimuuliza saa atakwambia saa mbili na dakika kumi na saba, na kama una haraka shauri yako.

Mkewe alikuwa amesimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Ngapi?"

"Thelathini na nusu."

"Andika thelathini na moja."

"Ni thelathini na nusu, mke wangu."

"Kwani hiyo nusu itamwumiza nani?"

"Haitamwumiza mtu. Ndiyo maana sioni sababu ya kuiongeza."

Akaandika thelathini na nusu kwenye daftari la ofisi, akaituma kwa simu, akapangusa matope kifuani.  Mkewe aligeuka akaondoka kwa hatua zile ambazo mwanamume yeyote aliyeoa anazijua, hata akiwa amefumba macho.

Tatizo lilikuwa sheria mpya. Ile ya zamani ilisema kila mtu na kibali chake, mto ukikauka basi umekauka. Hii mpya haikukaa mahali pamoja. Afisa wa Ofisi ya Maji, dada mmoja mchangamfu mwenye viatu vya mpira na mkoba uliojaa karatasi, aliwaeleza mkutanoni kwamba sheria hii inapima, inajifunza, kisha inajirekebisha. Kipimo kikizidi arobaini, pampu zinafanya kazi siku sita kwa wiki. Kati ya thelathini na arobaini, siku tatu. Kikishuka chini ya thelathini, pampu zote zinafungwa kwa waya wenye muhuri wa ofisi mpaka mto upate nafuu. Na kila miezi mitatu ofisi inaketi, inatazama namba, inabadilisha masharti.

"Kwa hiyo sheria imepelekwa shule," alisema Kinyozi, ambaye alikuwa na kishamba cha mchicha nyuma ya kibanda chake, na watu wakacheka mpaka Afisa naye akacheka.

Sasa hakuna aliyekuwa akicheka. Vitunguu vya mke wa Nukta, matuta ishirini na mawili, vilikuwa vinaanza kujaza vichwa. Kitunguu kinachojaza hakitaki hadithi, kinataka maji. Kiangazi kilikuwa kimebakiza wiki nane, na kipimo kilikuwa kimebakiza nusu sentimita tu kabla pampu hazijafungwa. Nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kutegemea. Kazi ya kusoma kipimo ilikuwa ya heshima, na heshima haipikwi.

Aliporudi nyumbani Nukta alikuta chai mezani. Kikombe kilikuwa na chai mpaka katikati, hapo hapo, sawasawa.

"Mbona nusu?" akauliza.

"Nusu haimwumizi mtu," alijibu mkewe kutoka jikoni. "Iandike."

Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na ambaye masikio yake yalisikia kila kitu isipokuwa alichoombwa, alikohoa kuficha kicheko. Nukta akanywa nusu yake. Ilikuwa haina sukari.

*

Wiki ile mke wa Nukta aliongea na mto zaidi kuliko alivyoongea na mumewe. Alikwenda akachutama pale chini ya kivuko, akatazama maji yanavyopita kwenye nguzo ya kipimo, akafikiri. Kugusa kipimo ni kosa, hilo Afisa alilisema mara tatu. Kugusa daftari ni kosa kubwa zaidi, tena lingemuua mumewe. Lakini mawe? Mawe yamekuwamo mtoni tangu dunia iumbwe. Mtu akiyasogeza kidogo, hatua kumi kutoka kwenye kipimo, upande maji yanakoelekea, yajae kidogo apate mahali pazuri pa kufulia nguo, kuna ubaya gani?

"Hakuna ubaya," alisema mama mkwe, ambaye alikuja kusimamia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, fimbo mkononi, akielekeza kama fundi mkuu. "Lile kubwa weka katikati. Si hapo. Hapo! Ee, mwanangu, we unajenga au unatawanya?"

"Mama, mgongo unaniuma."

"Utauma zaidi vitunguu vikifa."

Mawe ya mtoni yalipokwisha walichukua ya nyumbani. Hata lile bapa lililokuwa ngazi ya mlango wa jikoni lilikwenda. Jioni ile Nukta alitoka jikoni na sahani ya mkaa, akakanyaga hewa, akajikuta amekaa chini uani huku mkaa umemzunguka.

"Jiwe la mlangoni liko wapi?"

"Limeibiwa," alisema mama mkwe bila kupepesa macho.

"Mwizi gani anaiba jiwe?"

"Siku hizi, mkwe wangu, wanaiba chochote."

*

Jumatatu Nukta alilala kwenye ubao wake na ubao ukamlowesha tumbo. Hakuamini. Akafuta miwani, akalala tena. Arobaini na saba kamili.

Hapa ni lazima tuseme ukweli, hata kama tunampenda. Mvua haikunyesha. Anga lilikuwa jeupe tangu mwezi uliopita. Maji yaliyokuwa yakipita kwa kelele chini ya kivuko yalikuwa yametulia tuli, na vyura wawili wageni walikuwa wakimtazama. Mtu mwingine yeyote angegeuza shingo kutazama maji yanakoelekea. Nukta hakugeuza. Yeye aliajiriwa kusoma nguzo, akaisoma nguzo. Tena alikuwa amekunywa chai nusu kwa wiki nzima.

"Mto umepona!" akapiga kelele kuelekea nyumbani. "Arobaini na saba nukta sifuri!"

Ujumbe wa ofisi ulifika kabla ya saa sita: siku sita kwa wiki. Bondeni pampu zilinguruma zote kwa pamoja. Mwenyekiti wa chama cha watumia maji, mzee wa kabichi mwenye kofia asiyoivua hata kwa daktari, alipita nyumbani kumpongeza Nukta kana kwamba maji ameyatoa yeye mfukoni. Kinyozi alimnyoa bila kumweka foleni. Nyumbani, chai ilijaa kikombe mpaka ikamwagikia kisahani, na mkewe akamwita "baba watoto" kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu watoto wenyewe wangali wadogo.

Jumatatu ya pili ikawa arobaini na sita. Ya tatu, arobaini na sita na nusu. Vitunguu vilinenepa, na Nukta naye akanenepa kidogo.

Kisha ofisi ikaketi.

Afisa alikuja na karatasi kubwa, akaibandika ukutani katika ukumbi wa chama. Mstari mwekundu ulitambaa chini kwa wiki nyingi, halafu ghafla ukapanda juu.

"Jamani, nina furaha," alisema, na kweli alikuwa nayo. "Mto huu umetushangaza. Katikati ya kiangazi umeongezeka! Sheria yetu inajifunza, na imejifunza kwamba mto huu una ziada. Basi ofisi imeamua ziada hiyo itumike. Shamba la maua kule juu liliomba bomba la pili. Limepewa kwa majaribio. Linafunguliwa kesho."



"Ziada ipi?" aliuliza mke wa Nukta, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Hii hapa, mama." Afisa akaonyesha mstari. "Ameipima mume wako mwenyewe. Makofi kwake, tafadhali!"

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alipiga polepole sana. Kinyozi alipiga mara moja tu, akaanza kukwaruza shingo. Nukta alisimama akainamisha kichwa kwa adabu, na mkewe akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kiti.

*

Siku ya nne baada ya bomba kufunguliwa, pampu ya mke wa Nukta ilikohoa, ikatema matope, ikaanza kunyonya hewa. Bomba lake la kunyonyea lilikuwa upande wa juu wa mto, kupita kivuko, kwenye kona, ambako sasa maji yalikuwa ya kuloweka vidole tu. Akazima mtambo. Akasikia za majirani nazo zinakohoa, moja baada ya nyingine.

Nukta alikimbilia kwenye kipimo. Thelathini na nane.

"Haiwezekani," akasema. "Thelathini na nane ni siku tatu kwa wiki. Maji yapo."

"Yapo wapi?" mkewe akamjibu huku ameshika bomba linalodondosha matope. "Nionyeshe. Nikinge ndoo."

Ndipo kwa mara ya kwanza Nukta akageuza shingo. Akatazama maji yanakoelekea. Akashuka kwenye ubao, akatembea majini hatua kumi na moja, akasimama mbele ya ukuta wa mawe uliopangwa vizuri kabisa. Katikati ya ukuta, limelala bapa, lilikuwapo jiwe lenye alama ya shoka ambalo alilikanyaga kila asubuhi kwa miaka yote ya ndoa yake.

Alirudi ameloa mpaka kiunoni.

"Nimemwona mwizi wa jiwe," akasema.

Mama mkwe aligundua ghafla kwamba ana kazi chumbani, akaingia, akaacha mlango wazi ili asikie.

"Nilitaka vitunguu viishi," alisema mkewe. "Basi. Sikutaka jingine. Na wewe usijifanye hukujua."

"Sikujua!"

"Umelala juu ya maji yasiyotembea Jumatatu tatu. Vyura wamezaa hapo! Hukujua?"

 Nukta akakaa pale ambapo jiwe la mlango lilikuwa, chini zaidi ya alivyotegemea.

"Nilitaka chai," akasema. "Nilitaka uongee na mimi."

Mkewe akakaa karibu naye. Wakatazama matuta, majani yameanza kulegea ncha.

"Nikiyatoa mawe, namba itashuka," alisema mkewe. "Si ofisi itaona?"

"Pampu zetu itazifunga mara moja, lakini bomba la maua italijadili itakapoketi. Baada ya miezi mitatu."

"Sheria gani inajifunza polepole hivyo! Miezi mitatu hata hao vyura watakuwa wamehama."

"Kuna njia ya haraka. Taarifa maalumu. Msomaji akiandika kwamba namba zilikuwa za uongo, Afisa anaweza kulifunga lile bomba la maua siku hiyo hiyo." Nukta alisita. "Lakini ile fomu ina sehemu ya sababu. Na aliyechezea mto anafungiwa pampu msimu mzima."

"Nisiposema?"

"Bonde zima litakauka."

Mkewe alivuta pumzi. Kule bondeni mtu alikuwa anajaribu kuwasha pampu, inakataa, anajaribu tena.

"Lete hiyo fomu."

Nukta aliileta mezani, akashika kalamu. Aliandika tarehe, akaandika saa na dakika. Alipofika kwenye sababu, mkono ukagoma. Akaandika "mvua", akafuta. Akaandika "mawe yamejisogeza", akafuta. Mtu ambaye hajawahi kufuta hata tarakimu moja kwenye daftari lake alitoboa karatasi kwa kufuta.

"Siwezi kukuandika wewe," akasema, na machozi yalikuwa karibu.

"Mkwe wangu, mwandike mwenzio!" mama mkwe alipaza sauti kutoka chumbani. "Ila mimi usiniandike, mimi nilikuwa nimekaa tu!"

Mkewe akamnyang'anya kalamu, akajaza mwenyewe kwa herufi kubwa: NI MIMI, MKE WA MSOMAJI.

*

Afisa alikuja kesho yake na viatu vyake vya mpira, na chama kizima kikakusanyika kivukoni. Mke wa Nukta alisimama juu ya ubao mbele ya watu, akaeleza yote bila kupunguza: mawe, mahali pa kufulia nguo ambapo hakufulia hata leso, jiwe la mlango. 

Wanawake wawili waliokuwa wakimwazima ndoo kila wiki walisogea pembeni asiwaguse. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo maana kabichi zetu zinakufa," na wengine wakaguna. Nukta alipanda ubaoni akasimama kando ya mkewe, ingawa ubao ule ulikuwa wa mtu mmoja.

Hapo Mwenyekiti akavua kofia. Watu walishtuka kuona kipara.

"Mwacheni," akasema. "Pale chini kidogo, kwenye mizizi, kuna mifuko ya mchanga kumi na miwili. Ni yangu. Nilidhani niko peke yangu."

"Na lile gogo…" Kinyozi alianza, akakwama, akaanza upya. "Lile gogo lilikuwa la kukalia. Baadaye likawa la kuzibia."

Afisa aliwatazama mmoja mmoja. Alivua miwani, akaivaa tena. Alikuwa ameibandika ile karatasi ukutani kwa mikono yake mwenyewe, tena aliwaomba watu makofi.

"Toeni vyote," akasema. "Kimoja kimoja. Na wewe, lala usome."

Nukta akalala. Gogo likatolewa. "Imeshuka sentimita mbili!" akatangaza. Mifuko ikaburutwa mpaka ukingoni. "Sentimita nane!" Mwishoni wakabomoa ukuta wa mawe, kazi ya nusu saa, maji yakaponyoka kwa kishindo, vyura wakatawanyika.

"Mawe, sentimita sita na nusu."

"Sita na nusu tu?" Mkewe alisahau aibu yote. "Nimevunjika mgongo siku mbili! Soma vizuri!"

"Ni sita na nusu, mke wangu."

"Hao waliotupa mifuko tu wapate nane?"

"Mama," Afisa alisema, akijitahidi asicheke, "hatugawi zawadi hapa."

Watu wakaangua kicheko, wakacheka mpaka wale wanawake wawili wakashikana. Kipimo kilibaki ishirini na moja na nusu, nao ndio ukweli wa mto. Afisa alipiga simu pale pale, akaamuru bomba la pili la maua lifungwe kabla ya jua kuzama. Akaandika masharti mapya akiwa amesimama: msomaji atasoma pamoja na shahidi asiye wa nyumba yake, na lazima atembee hatua hamsini chini na hamsini juu kabla hajalala kwenye ubao. Mto ukirudi thelathini, wakulima wote watapata siku zao tatu. Wote, isipokuwa wale watatu.

"Hata waliosema wenyewe?" aliuliza Nukta.

"Hata wao. Sheria inajifunza, baba, lakini haisahau." Kisha akakumbuka jambo, akaona haya. "Tena masharti yanasema waya unafungwa na msomaji."

*

Basi Nukta alikwenda kuifunga pampu ya mkewe. Waya ulikuwa mgumu, ukamponyoka mara mbili. Mkewe alichuchumaa, akashika mtambo usitikisike.

"Kaza vizuri," akamwambia. "Wasije wakasema umenipendelea."

Akakaza. Akabana muhuri. Walitazama pampu ile, nyekundu, imefungwa kama mbuzi wa kuuzwa. Kutoka mashamba ya jirani harufu ya matope ililetwa na upepo. Maji yalikuwa yameanza kurudi kwenye kona.

Sheria haikukataza ndoo. Mkewe alileta mbili, akamtundikia mumewe mti begani, ndoo huku na ndoo kule.

"Haya. Sasa pampu ni wewe."

"Ndoo mbili kwa safari, mita mia moja na arobaini," Nukta alianza kuhesabu. "Tuta moja linataka ndoo kumi na…"

"Baba watoto. Nenda."

Akaenda. Aliporudi shati limeganda mgongoni, na nusu ya maji yamebaki njiani. Mama mkwe, kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, alimwelekeza apite wapi asikanyage vitunguu. Nukta akasimama pembeni mwa shamba akihema.

"Nianzie wapi?"

Mkewe alitazama matuta yake yote, moja baada ya jingine, kwa muda mrefu. Wote wawili walijua mabega ya mtu mmoja yanaweza kumwagilia kiasi gani kwa kiangazi kilichobaki. Akanyoosha kidole kwenye yale tisa yaliyo karibu na mto, akageuka, mgongo ukaelekea mengine.

"Haya hapa," akasema. "Kule usitazame."

Nukta akamwaga ndoo ya kwanza polepole, chini ya majani. Halafu akatazama kule. Yalikuwa matuta kumi na matatu. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alikuwa na namba kamili kichwani, na hakuitaja. Akabeba ndoo tupu, akashuka tena mtoni.